Kufundisha Majaribio ya Maikroarei: Mpango Kwanza, Hesabu Baadaye

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mwalimu wa biolojia au wa hisabati anavyoweza kuwafundisha wanachuo kupanga jaribio la maikroarei na kuchambua matokeo yake, hata kama chuo chake hakina maabara ya kulifanyia jaribio lenyewe. Aghalabu mada hii, inapoguswa darasani, huanzia kwenye chombo na kuishia kwenye kompyuta. Wanachuo huonyeshwa picha ya nukta nyekundu na za kijani, huambiwa kwamba kuna programu inayotoa orodha ya jeni, kisha kengele hulia. Kinachoachwa nje ni kiini cha somo: sampuli zile zilichaguliwa kwa utaratibu gani, na kwa nini orodha ile iaminiwe.

Shabaha yetu ni moja. Twataka kuonyesha kwamba jaribio lililopangwa vibaya haliokolewi na hesabu yoyote, na kwamba ukweli huu waweza kufundishwa kwa karatasi, kura na shilingi. R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, aliwaambia wanatakwimu wa India mwaka 1938 kwamba kumwita mtaalamu wa takwimu baada ya jaribio kwisha ni sawa na kumwita daktari aje kupasua maiti. Daktari huyo pengine ataweza kutaja ugonjwa uliomuua marehemu. Kumfufua hawezi.

1. Chombo na kazi yake

Karibu kila seli ya kiumbe hubeba jeni zake zote, lakini si jeni zote zifanyazo kazi kwa wakati mmoja. Jeni inapofanya kazi, nakala zake hutengenezwa katika umbo la RNA mjumbe, nazo hubeba maagizo ya kutengenezea protini. Kwa hiyo anayekadiria wingi wa RNA mjumbe ya jeni fulani hupata kujua jeni hiyo inafanya kazi kwa kiasi gani. Maikroarei ni chombo cha kufanyia makadirio hayo kwa maelfu ya jeni kwa mara moja. Ni kibao kidogo, mara nyingi cha kioo, ambacho juu yake vimebandikwa vipande vya DNA kwa safu, kila nukta ikiwa na vipande vya jeni moja inayojulikana.

Katika maikroarei ya rangi mbili, RNA ya sampuli mbili hunakiliwa kuwa DNA. Nakala za sampuli moja hutiwa rangi iitwayo Cy3, ambayo huonyeshwa kwa kijani, na za sampuli ya pili hutiwa Cy5, ambayo huonyeshwa kwa nyekundu. Zote mbili huchanganywa na kumiminwa juu ya kibao, na kila kipande hushikamana na kile kinacholandana nacho. Kibao huoshwa, kisha husomwa kwa mwanga wa leza. Nukta nyekundu humaanisha kwamba jeni ile imefanya kazi zaidi katika sampuli ya Cy5. Ya kijani humaanisha kinyume chake. Ya manjano humaanisha kwamba sampuli zote mbili zimekaribia kulingana.

Njia hii ilitangazwa mwaka 1995 na Mark Schena na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliopima jeni 45 za mmea uitwao Arabidopsis. Mwaka 1997 Joseph DeRisi na wenzake walipima karibu jeni zote za hamira, zipatazo 6,400. Mwaka 2003 kundi la DeRisi lilichapisha kazi iliyofuatilia jeni za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, saa baada ya saa kwa muda wa saa 48 anazokaa ndani ya chembe nyekundu za damu.

Msomaji aweza kuuliza: je, maabara nyingi si zimekwisha kuhamia kwenye njia ya kusoma RNA moja kwa moja kwa mashine za kufuatanisha? Ni kweli. Hata hivyo maikroarei ingali inafaa kufundishia. Hesabu zake za mwanzo ni nyepesi, namba zake zaweza kuandikwa ubaoni, na takwimu za majaribio mengi zimehifadhiwa katika hazina ya GEO, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, ambamo yeyote aweza kuzichukua bila malipo. Na la muhimu zaidi, kanuni za kupanga jaribio ni zile zile kwa njia zote mbili.

2. Swali kabla ya kibao

Hatua ya kwanza darasani ni kupata swali. Twapendekeza swali linalotugusa sote: kwa nini baadhi ya mbu wa Anopheles gambiae hawafi wanapogusa dawa iliyotiwa katika vyandarua? Sababu mojawapo inayojulikana ni kwamba mbu hao hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa ndani ya mwili. Mwaka 2005 watafiti walieleza maikroarei maalumu kwa kazi hiyo, yenye jeni za kuondolea sumu za mbu huyu. Jeni zilizopata kujulikana katika utafiti wa namna hiyo ni pamoja na Cyp6p3 na Cyp6m2, ambazo vimeng'enya vyake huweza kuvunja dawa za jamii ya pairethroidi.

Yafaa wanachuo waelezwe tangu mwanzo jambo ambalo kibao hakioni. Mbu aweza kuwa sugu kwa sababu mahali panaposhambuliwa na dawa, katika mishipa yake ya fahamu, pamebadilika umbo. Badiliko moja la namna hiyo lilielezwa mwaka 2000 kwa mbu wa Kenya. Jeni yenye badiliko hilo yaweza kutoa kiasi kile kile cha RNA kama kawaida. Maikroarei ya kupima wingi wa RNA haitaiona. Basi anayepata kibao kisicho na tofauti asiseme kwamba mbu si sugu.

Baada ya hapo mwalimu huandika ubaoni mpango ufuatao, ambao ameubuni kwa makusudi uwe na kasoro:

"Mtafiti amekusanya mbu sugu kutoka kijiji kimoja. Atawalinganisha na mbu wa aina ya Kisumu wanaofugwa maabara. Siku ya Jumatatu fundi wa kwanza atatoa RNA ya mbu sugu na kuitia rangi nyekundu. Siku ya Jumanne fundi wa pili atatoa RNA ya mbu wa Kisumu na kuitia rangi ya kijani. RNA ya mbu sugu itachanganywa yote pamoja, na vilevile RNA ya mbu wa Kisumu, kisha mchanganyiko huo utapimwa katika vibao vinne."

Mbu wa aina ya Kisumu wana asili ya Kenya. Wamefugwa vizazi vingi katika maabara za nchi mbalimbali, nao hutumika kama kipimo cha mbu asiye sugu. Kuwatumia si kosa. Lakini wanachuo waulizwe: ikiwa jeni fulani imeonekana nyekundu, ni mambo gani yaliyoweza kuifanya iwe hivyo? Wapewe dakika kumi, wakiwa katika makundi ya watu watano. Kundi lililo makini litataja usugu, kijiji, chakula cha viluwiluwi, maisha ya maabara, siku, fundi na rangi. Mambo saba, nukta moja. Hakuna programu iwezayo kuyatenganisha, kwa kuwa yote yamekwenda pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanachuo aliyeliona jambo hili kwa macho yake amekwisha kupata nusu ya somo.

3. Misingi mitatu ya mpango

Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya upangaji wa majaribio, alifafanua misingi ambayo wakulima na walimu wa kilimo wanaifahamu vyema. Misingi hiyo ni urudiaji, kura na vitalu. Yote mitatu yahamishika kutoka shambani hadi kwenye kibao cha kioo.

(a) Urudiaji. Lazima tutofautishe kurudia kipimo na kurudia kiumbe. Mwalimu akimpima mwanafunzi mmoja urefu mara nne, atapata uhakika zaidi wa urefu wa mwanafunzi yule, lakini hatakuwa amejifunza lolote jipya juu ya urefu wa darasa. Mtafiti wetu wa kubuni aliyechanganya RNA yote na kuigawa katika vibao vinne amefanya hivyo hivyo. Ana vibao vinne, lakini ana sampuli moja tu ya kila upande. Akisema "nimerudia mara nne" anajidanganya, na kipimo chake cha makosa kitakuwa kidogo kuliko inavyostahili.

(b) Kura. Mambo tusiyoyajua ni mengi kuliko tunayoyajua. Kwa hiyo utaratibu wa kushughulikia sampuli usiachiwe matakwa ya mtu wala mpangilio wa kabati. Utolewe kwa kura. Kura haiondoi tofauti, ila huzuia tofauti zisiegemee upande mmoja daima.

(c) Vitalu. Tunapojua kwamba jambo fulani huleta tofauti, hatuliachii kura peke yake. Mkulima ajuaye kwamba sehemu ya juu ya shamba ni kavu na ya chini ni chepechepe hugawa shamba katika vitalu, akapanda mbegu zote za kulinganishwa katika kila kitalu. Katika maabara, siku ni kitalu, fundi ni kitalu, na kibao chenyewe ni kitalu.

Sasa wanachuo waombwe kuusahihisha mpango ule. Ufuatao ni mfano wa jibu zuri. Viluwiluwi wakusanywe katika madimbwi sita ya eneo moja, walelewe mpaka wawe mbu, na majike wa umri mmoja ambao hawajanyonya damu wachaguliwe. Mbu wa kila dimbwi wagawanywe kwa kura. Baadhi yao wawekwe kwa saa moja katika mirija yenye karatasi za dawa. Wengine wawekwe kwa saa hiyo hiyo katika mirija yenye karatasi zisizo na dawa. Baada ya saa 24 waliosalia hai katika kundi la dawa watambuliwe. RNA itolewe kwa mbu kumi waliosalia na mbu kumi wasioguswa na dawa, kutoka kila dimbwi. Hivyo zitapatikana sampuli 12, ambazo ni jozi sita, na kila jozi italinganishwa katika kibao kimoja. Vibao sita vishughulikiwe kwa siku tatu, viwili kwa kila siku. Katika kimoja cha siku hiyo mbu waliosalia watiwe rangi nyekundu, na katika cha pili watiwe kijani. Jozi ipi iende siku ipi, na ianze na rangi ipi, iamuliwe kwa kura.

Ubadilishanaji huu wa rangi si pambo. Cy3 na Cy5 haziingii katika DNA kwa wepesi sawa, na Cy5 huharibiwa upesi na ozoni iliyomo hewani. Jeni iliyoonekana nyekundu kwa sababu ya rangi tu itageuka upande rangi zinapobadilishwa. Jeni yenye tofauti ya kweli itawafuata mbu, haitaifuata rangi.

Hata hivyo mpango huu nao una gharama, na wanachuo wasifichwe. Miongoni mwa mbu wasioguswa na dawa wamo walio sugu na wasio sugu, kwa hiyo tofauti itapungua makali. Tena, dawa yenyewe yaweza kuamsha jeni fulani kwa muda, hata jeni hizo zikaonekana kana kwamba ndizo chanzo cha usugu. Ndiyo maana watafiti wengi huongeza kundi la tatu, mbu wasio sugu kama wale wa Kisumu, wakatafuta jeni zinazotofautiana katika ulinganisho zaidi ya mmoja. Hakuna mpango usio na gharama. Kazi ya mpangaji ni kuitaja gharama hiyo kabla ya kuanza.

4. Kutoka rangi hadi namba

Hatua ifuatayo ni ya hesabu, na hapa mwalimu wa hisabati atafurahi. Kila nukta hutoa namba mbili, nguvu ya nyekundu na nguvu ya kijani. Tukigawa ya kwanza kwa ya pili tunapata uwiano. Nyekundu 800 kwa kijani 200 ni uwiano wa 4. Nyekundu 200 kwa kijani 800 ni 0.25. Tofauti hizi mbili ni sawa kwa ukubwa, lakini 4 iko mbali na 1 kuliko 0.25 ilivyo. Dawa yake ni logariti. Tunauliza: 2 ikipewa kipeo gani hutoa uwiano huu? Kwa 4 jibu ni 2, na kwa 0.25 jibu ni −2. Sasa kupanda na kushuka vimelingana, na sifuri humaanisha kwamba hakuna tofauti. Wanachuo wengi waliojifunza logariti kwa kukariri watapata hapa sababu ya kuwapo kwake.

Kisha kuna kusawazisha. Tuchukue kibao kidogo chenye jeni tano. Kijani zake ni 200, 200, 300, 500 na 500. Nyekundu zake ni 400, 1600, 600, 500 na 1000. Logariti za uwiano zitakuwa 1, 3, 1, 0 na 1. Je, tuseme kwamba jeni nne kati ya tano zimepanda? La. Yaelekea kwamba rangi nyekundu imesomwa kwa nguvu maradufu katika kibao kizima. Tupange namba hizo kwa ukubwa, tuchukue ile ya katikati, ambayo ni 1, na tuitoe katika zote. Tunabakiwa na 0, 2, 0, −1 na 0. Jeni ya pili imepanda mara nne, ya nne imeshuka kwa nusu, na nyingine zimetulia. Ile iliyoonekana kutulia ndiyo iliyoshuka.

Mwanachuo asiruhusiwe kutumia njia hii bila kutaja dhana iliyomo ndani yake, nayo ni kwamba jeni nyingi hazikubadilika, au kwamba zilizopanda na zilizoshuka zinakaribia kulingana. Kwa kibao chenye maelfu ya jeni zilizochukuliwa bila upendeleo, dhana hii hukubalika mara nyingi. Kwa kibao chenye jeni chache zilizoteuliwa kwa sababu zinahusika na kuondoa sumu, yaweza kupotosha.

Baada ya kusawazisha, kila jeni ina namba sita, moja kwa kila kibao, zikiwa zimegeuzwa zote ili namba chanya imaanishe kwamba mbu waliosalia ndio walio na zaidi. Tuziandike jeni mbili ubaoni. Ya kwanza: 1.1, 0.9, 1.2, 0.8, 1.0, 1.0. Ya pili: 5.8, 0.1, −0.3, 0.2, 0.3, −0.1. Wastani wa zote mbili ni 1.0. Darasa zima litakubali kwamba ya kwanza yaaminika kuliko ya pili, ambayo imebebwa na kibao kimoja tu. Hivyo wastani peke yake hautoshi. Sharti ulinganishwe na mtawanyiko wa namba zenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya jaribio la t. Kwa kuwa vibao huwa vichache na mtawanyiko wa kila jeni hukisiwa kwa shida, njia iliyochapishwa na Gordon Smyth wa Melbourne mwaka 2004 huazima taarifa za mtawanyiko kutoka kwa jeni zote. Njia hiyo imo katika programu ya limma, ambayo hutolewa bila malipo.

5. Jeni nyingi, bahati nyingi

Hapa ndipo wengi hupotea, nasi twapendekeza zoezi la shilingi. Katika darasa la wanachuo 45, kila mmoja arushe shilingi mara kumi na kuandika idadi ya vichwa. Kabla ya kuanza, tangaza kwamba unatafuta wenye "kipaji": watakaopata vichwa 8 au zaidi, au 2 au pungufu. Uwezekano wa kupata hivyo kwa shilingi ya haki ni 112 katika 1,024, yaani karibu 11 katika 100. Kwa wastani basi watatokea wenye vipaji watano. Wasimame mbele na kupigiwa makofi. Kisha warudie. Vipaji vingi vitatoweka.

Sasa badala ya mwanachuo weka jeni. Mbu huyu ana jeni zaidi ya 12,000. Tukichukua mfano wa kibao chenye jeni 12,000 ambazo hakuna hata moja iliyobadilika, na tukakubali kila jeni ambayo uwezekano wake wa kutokea kwa bahati ni chini ya 0.05, tutapata jeni 600 za uongo. Orodha ya jeni 600 yaweza kumvutia sana mtu. Yaweza pia kusimuliwa hadithi nzuri.

Njia ya zamani ya kujikinga ni kugawa 0.05 kwa idadi ya jeni. Ni salama, lakini ni kali mno, nayo hutupa mengi ya kweli pamoja na ya uongo. Mwaka 1995 Yoav Benjamini na Yosef Hochberg walipendekeza njia nyingine. Badala ya kukataa uongo wowote, tudhibiti sehemu ya uongo katika orodha tunayoikubali. Utaratibu wake waweza kufanywa kwa penseli. Tuseme tuna jeni kumi, na thamani zake za uwezekano, zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ni 0.001, 0.008, 0.012, 0.019, 0.041, 0.060, 0.21, 0.38, 0.55 na 0.83. Mkabala na ya kwanza tunaandika 0.005, ya pili 0.010, ya tatu 0.015, na kuendelea hivyo hadi 0.050. Tunatafuta mstari wa chini kabisa ambao thamani yake haijazidi namba ya mkabala. Ni wa nne, kwa kuwa 0.019 haijazidi 0.020. Tunazikubali nne za kwanza. Bila kinga tungekubali tano. Kwa njia ya zamani tungekubali moja tu.

Wanachuo wakumbushwe kwamba kinga hii ni dhidi ya bahati peke yake. Haiwezi kumkinga mtafiti aliyetia sampuli zote za upande mmoja rangi nyekundu siku ya Jumatatu. Kosa la namna hiyo hutoa thamani ndogo za kupendeza, nalo hupita katika chujio hili bila kuguswa.

6. Kumbukumbu na uaminifu

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya wanachuoni peke yao. Mwaka 2006 kundi moja la Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilichapisha makala yaliyodai kwamba vipimo vya maikroarei vyaweza kutabiri ni dawa gani ya saratani itamfaa mgonjwa. Wanatakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuirudia hesabu kwa takwimu zilizotolewa hadharani. Waligundua orodha za jeni zilizosogea kwa mstari mmoja, na majina ya "sugu" na "isiyo sugu" yaliyobadilishana mahali. Walichapisha uchunguzi wao mwaka 2009. Wakati huo wagonjwa wa saratani walikuwa wamekwisha kuingizwa katika majaribio ya tiba yaliyotegemea vipimo vile. Majaribio hayo yalisimamishwa, yakaanzishwa tena, na mwishowe yakafungwa mwaka 2010. Makala yale ya mwanzo yaliondolewa mwaka 2011, na mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ilitamka kwamba takwimu zilikuwa zimeghushiwa.

Kila mwalimu aweza kulionyesha kosa la mstari mmoja kwa karatasi ya alama. Andika majina kumi na alama kumi, kisha sogeza alama zote mstari mmoja chini, na ile ya mwisho uirudishe juu. Uliza: jumla imebadilika? Haijabadilika. Wastani je? Nao haujabadilika. Alama ya juu na ya chini zipo vilevile. Lakini huenda hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepata haki yake. Kosa hili halionekani katika hesabu. Huonekana kwa mtu anayefungua karatasi ya mtihani na kulinganisha jina na alama. Ndiyo sababu mwaka 2001 ulitangazwa utaratibu uitwao MIAME, unaomtaka mtafiti aeleze sampuli zake, mpango wake na hatua zake zote, ili mwingine aweze kuzifuata.

7. Mgawanyo wa vipindi

Mada hii yaweza kumalizwa kwa vipindi sita. Kipindi cha kwanza ni cha jeni, RNA na kibao, kikifundishwa kwa nukta zilizochorwa katika karatasi ya manila. Cha pili ni cha kukosoa mpango mbovu. Cha tatu ni cha kupanga upya, pamoja na kupiga kura halisi kwa vikaratasi. Cha nne ni cha uwiano, logariti na kusawazisha. Cha tano ni cha shilingi na utaratibu wa Benjamini na Hochberg. Cha sita ni cha karatasi ya alama na kisa cha Duke. Chuo chenye kompyuta chaweza kuongeza vipindi viwili vya kuchukua takwimu kutoka GEO na kuzichambua kwa lugha ya R, pamoja na programu za mradi wa Bioconductor ulioanza mwaka 2001. Zote hupatikana bure. Hata hivyo kompyuta isije kabla ya kipindi cha tano.

Katika kutahini, tusiwaulize wanachuo watoe orodha ya jeni. Tuwape mpango na kuwauliza: ni nini kingeweza kutoa matokeo haya bila ya dhana yenu kuwa kweli? Mwanachuo aliyezoea swali hilo hatalitumia kwa maikroarei peke yake. Siku atakapoambiwa kwamba mbegu mpya imezaa zaidi, atauliza ilipandwa kitalu gani. Atakapoletewa takwimu za dawa, za mtihani au za lishe, atauliza waliolinganishwa walichaguliwaje. Na mwalimu wa namna hiyo hukaa mbele ya watoto arobaini na zaidi kila mwaka, hata katika shule isiyo na darubini.